Mdomo Niliofungua Bakulini

Jumatatu, 1 Julai 2024

Kidude chekundu kimewaka? Kimewaka. Haya. Tumaini mjukuu wangu ndivyo alivyonifundisha: bibi, bonyeza hapa kwenye simu, taja siku, taja tarehe, kisha sema la moyoni, hasikii mtu. Tarehe naipata redioni asubuhi. Kusoma sijui, kuandika sijui, lakini kusema! Kwa kusema hanipiti mtu Ndagoni nzima.

Leo nina neno mpaka miguu inacheza yenyewe!

Kaja mgeni. Mwanamke, mtu wa bara, jina lake Mwalimu Specioza, anafundisha huko huko chuo kikuu cha Dar anakosoma Tumaini. Kashuka kwenye bodaboda ya kijana wetu Jumanne, vumbi mpaka kwenye kope. Shikamoo bibi. Marahaba mwanangu, karibu, kaa, usikae hapo pana majimaji ya dagaa. Kakaa hapo hapo! Nikamtilia dafu. Hajalinywa, kashatoa picha kwenye bahasha.

Mie huyo! Mwaka wa sabini na nne! Kiuno hicho, yarabi, kiuno kama cha nyigu, kimekwenda wapi? Nimesimama katikati ya Bakuli, mikono hivi, mdomo wazi.

Bakuli tuliliita sie. Wenyewe wanasema ukumbi wa wazi. Ni shimo kubwa la duara pale chuoni, limezungushwa ngazi za mawe, ngazi juu ya ngazi, watu ndiko wanakokaa. Paa hakuna, mbingu tu. Na wewe muimbaji uko chini kabisa, kama kipande cha muhogo kilichobaki kwenye mchuzi, watu wote wanakuchungulia. Tulipokwenda sie ndiyo kwanza linafunguliwa, saruji inanuka ubichi. Wanawake kumi na wanne wa Mafia, na ngoma zetu, na ndoo nzima ya visheti. Sasa tumebaki wawili.

Basi Bakuli linatimiza miaka hamsini. Jumanne ya tarehe ishirini na tatu, mwezi huu huu, wanafanya sherehe. Wanamtaka muimbaji yule yule, wimbo ule ule, mahali pale pale. Na watamleta kwa ndege! Mie! Ndege zinanipitia juu ya mnazi kila siku, nazitukana zinanitishia kuku!

Kaniuliza, kwa hiyo wewe ndiye Bi Kinanda mwenyewe? Maana hapa hakuna anayeniita Mwanahalima. Kinanda, Kinanda, tangu mwaka ule.

Nkasema ndiye mie.

Nkasema kabla sijafikiri.

Jumanne, 2 Julai

Nimekomea mlango. Simu, sikiliza. Ukimwambia mtu nakutia kisimani.

Sikuimba mie.

Hee, limetoka! Ngoja nicheke kwanza. Miaka hamsini, halafu linatoka dakika moja tu, jepesi kama kamasi!

Ilikuwa hivi. Mwenye sauti alikuwa Bimkubwa. Shoga yangu, wa kisiwani Chole, yule wa pili aliyebaki, tumekua pamoja. Lakini mwaka ule Bimkubwa mwali, kashaposwa na Hafidhi, baba yake kasema mwanangu hatazamwi na wanaume wa mjini, marufuku. Akaja Dar na shangazi yake kununua vitu vya harusi, wakapanda chombo chetu. Wenzangu wakasema, basi Mwanahalima utasimama wewe, wewe una haya kidogo. Si kusema nina haya. Kusema ninazo kidogo.

Nkasimama. Pale katikati pana jiwe moja la duara, ukisimama juu yake ukikohoa tu, kikohozi kinapanda ngazi zote kinakurudia. Watu wamejaa, wengine wazungu. Nkatazama ngazi, nkazihesabu, kumi na nane, kwa sababu sina pengine pa kutazama. Ngoma ikaingia. Nkafungua mdomo.

Kimya! Hakuna kitu! Koo limefunga kama mlango wa duka saa ya Ijumaa.

Ndipo nkaisikia nyuma yangu. Bimkubwa, kaja kututazama tu, kakaa nyuma ya ngoma kubwa, kajifunika buibui gubigubi, kaanza kuimba humo humo ndani. Na Bakuli, unajua, sauti likiichukua huijui imetoka wapi. Kila mtu kaona mdomo wangu uko wazi, kasikia ile sauti, basi. Nami nkaendelea kuufungua na kuufunga kama samaki changu aliyetolewa majini.

Wakanibeba juujuu. Kinanda! Kinanda! Redio ikaichukua.

Bimkubwa kaniambia chomboni, tukirudi: usiseme, baba ataniua. Sikusema. Baba yake kafa mwaka wa themanini. Sikusema bado.

Alhamisi, 4 Julai

Nimekwenda Chole. Bodaboda ya Jumanne mpaka Utende, nimemshika kiuno mpaka kaniambia bibi, unanivunja mbavu. Kisha boti.

Bimkubwa ni kizuka sasa. Hafidhi wake kafariki Ramadhani iliyopita, naye kakaa eda, ndani, hatoki, miezi minne na siku kumi. Nimemkuta ukumbini kavaa nguo nyeupe zisizo na hata ua, anachambua mchele. Na Sabra binti yake, yule wa ofisini Kilindoni, kabandika kalenda ukutani, kila siku ikiisha anaipiga alama ya kalamu. Tarehe ishirini na tano kaizungushia duara jekundu. Ndiyo siku mama yake anatoka.

Nkampa habari yote. Picha, Bakuli, ndege. Nkamwambia, Bimkubwa, wanamtaka Kinanda, na Kinanda ni wewe. Twende.

Kacheka! Kacheka mpaka mchele umemwagika. Akasema wewe Mwanahalima umelogwa, miaka hamsini umekula jina, umeshiba, ndiyo unaniletea makombo?

Huyu hajaniita Kinanda hata mara moja, maisha yake yote. Nimelijua leo hilo, nikiwa naokota mchele.

Kisha kasema taratibu: Hafidhi alikuwa akiisikia ile kanda redioni, ananiambia, shoga yako ana sauti huyo, lo! Mie nageuza samaki.

Hakumwambia! Miaka arobaini na tisa ya ndoa! Nkamuuliza kwa nini. Kasema mwanzo niliogopa, kisha nikaona aibu kuwa niliogopa, kisha samaki akaungua, basi.

Halafu tukatazama kalenda. Sherehe tarehe ishirini na tatu. Duara jekundu tarehe ishirini na tano.

Siku mbili! Kwanza mwali, sasa kizuka. Kila Bakuli likimwita, yuko ndani!

Jumamosi, 6 Julai

Nimejaribu kuimba mwenyewe. Nani kasema lazima Bimkubwa? Na mie nina koo.

Nimekwenda lile shimo la nyuma ya shamba walikokuwa wakichimba mawe ya chokaa, limezunguka vizuri, nkasema hili ndilo Bakuli langu. Nkasimama chini. Nkaanza:

*Tandikeni mkeka, wageni wameshuka,*
*pa kukaa mmoja, wawili watatosha…*

Mbuzi wa jirani alikuwa juu anakula majani. Kaacha kula. Kanitazama. Kaondoka zake!

Hata sauti ya mlango wenye kutu ina heshima kuliko hii. Na haya mapengo mawili ya mbele, upepo unapita *fyuu*. Nimekaa chini ya shimo nacheka peke yangu mpaka machozi.

Jioni Tumaini kapiga simu. Bibi, chuo kizima wanajua! Nimewaambia wote Kinanda ni bibi yangu! Wamechapa picha yako kubwa kama mlango!

Nkasema vizuri mwanangu.

Jumatatu, 8 Julai

Allahu akbar! Allahu akbar! Simu, kaa sawa!

Jana magharibi nimeuona mwezi. Mwembamba kama ukucha. Leo asubuhi natwanga, najisemea kama kawaida yangu, mfungo tatu umekwisha, leo mfungo nne mosi. Mchi ukanisimama mkononi.

Mfungo nne!

Sie wazee miezi tunaihesabu kutoka Ramadhani. Ramadhani ikitoka, mfungo mosi, mfungo pili, hivyo hivyo. Na Hafidhi kafa lini? Kafa Ramadhani. Chungu cha nne, siku ya nne ya funga, Ijumaa, watu wametoka msikitini. Nakumbuka kwa sababu nilikuwa nimepika tambi za futari, zikaliwa matangani. Basi kutoka chungu cha nne, hesabu kwa vidole: siku ya nne ya mfungo mosi, mwezi mmoja. Siku ya nne ya mfungo pili, miwili. Mfungo tatu, mitatu. Mfungo nne, minne! Ndiyo Alhamisi hii! Tia siku kumi juu. Jumapili ya tarehe ishirini na moja jua likizama, Bimkubwa huru!

Sabra kahesabu kwa kalenda ya ofisini! Machi, Aprili, Mei! Miezi ya mshahara! Eda haiendi na mshahara, inakwenda na mwezi wa juu!

Jumapili anatoka, Jumatatu ndege, Jumanne Bakuli. Kinu nimekiacha hapo hapo, kuku wanakula.

Jumanne, 9 Julai

Chole tena. Jumanne wa bodaboda kaniuliza, Bi Kinanda, una mchumba Chole? Nkamwambia ninaye, kizuka.

Sabra kakasirika. Shangazi, mimi nimesoma, nimeweka alama kila siku, sijaruka hata moja. Nkamwambia mwanangu, alama zako nzuri, zimenyooka, kasoro ziko chini ya mwezi mwingine. Kasema haya ni mambo ya kuogopa, mama akitoka kabla ya siku watu watasema nini? Nami nkasema, na akikaa zaidi ya siku, hapo watu hawasemi?

Bimkubwa mwenyewe anakunja ncha ya mtandio, anaikunjua.

Nkasema basi, aitwe Maalim Abeid wa msikitini. Mzee kaja na fimbo yake, kaketi barazani, sie ndani nyuma ya pazia. Kauliza: marehemu kafa siku gani? Sabra akasema tarehe kumi na tano Machi. Maalim akasema sikuuliza hiyo. Mie nkapiga ukelele kutoka ndani: chungu cha nne, Maalim!

Kahesabu kimyakimya, vidole vinatembea kwenye tasbihi. Kisha akasema: mwenye hesabu ni huyu wa ndani. Miezi ya eda ni ya kuandama. Jumapili magharibi.

Nilipiga kigelegele! Maalim kakohoa. Nkasema samahani Maalim, kimenitoka.

Sabra kaichukua kalamu, kaenda ukutani, kazungusha duara jipya. Baadaye kaniletea chai, kaitia sukari nyingi mno, nkajua yamekwisha.

Lakini Bimkubwa! Wanawake jamani! Kaniambia kwa sauti ya chini: nani kakwambia nakwenda?

Ijumaa, 12 Julai

Bimkubwa kapiga simu mwenyewe. Mwanahalima, kama nikija, nitakaa nyuma ya ngoma. Wewe simama mbele, fungua mdomo. Tumezoea.

Nkamwambia sikuhesabu miezi yote ile ili ukae nyuma ya ngoma.

Kakata simu.

Jumamosi, 13 Julai

Kapiga tena. Eti nivae nini?

Hahaaa!

Jumapili, 21 Julai

Sijasema na wewe siku nyingi, simu, nilikuwa na kazi ya kushona. Nguo mbili, kitambaa kimoja, rangi ya embe bivu. Fundi kasema mtafanana kama mapacha. Nkamwambia pacha mmoja mnene.

Jua limezama tuko Chole. Wanawake wamejaa uani. Tumemuogesha, tumemvua zile nyeupe, tumemtia udi mpaka moshi umetutoa machozi sote. Alipotoka mlangoni kasimama kizingitini, mguu mmoja ndani mmoja nje, muda mrefu. Hakuna aliyemharakisha.

Kisha kautia na wa pili.

Kasema, Hafidhi angekuja kuangalia. Nkasema angekaa ngazi ya mbele kabisa. Kasema hapana, angekaa ya juu, alipenda kuona kila mtu.

Jumatatu, 22 Julai

Ndege! Wanapima watu! Kiwanjani pale Kilindoni kuna mzani, unapanda na mkoba wako, kama gunia la nazi. Yule msichana anasoma kilo kwa sauti. Nkamwambia mwanangu, zangu ziseme kimoyomoyo. Watu wote wakacheka. Bimkubwa kapanda, mwepesi, kashuka ananitazama kwa jicho la upande.

Angani kanishika mkono njia nzima. Nkamuonyesha Chole, ile pale, ndogo kama kofia. Kasema siangalii. Macho kayafumba, midomo inatembea. Nilidhani anasoma dua. Nkasogeza sikio. Anapitia wimbo!

Tumaini katupokea. Mjukuu wangu mrefu, mtandio wa buluu, kanikumbatia mbele ya watu, Kinanda wangu! Kisha, shikamoo bibi Bimkubwa, na wewe umekuja kumsindikiza?

Bimkubwa kasema marahaba, ndiyo.

Chakula kizima cha mchana nachezea wali kwa vidole mpaka Tumaini kauliza kama ndege imenichafua.

Jumanne, 23 Julai

Nasema polepole, watu wamejaa. Ni alasiri. Niko ndani ya Bakuli! Ngazi ya mbele, mawe bado yana joto la mchana, nayasikia kwenye makalio. Mawe yameota ukungu mweusi, miti ile iliyokuwa miche imekuwa mikubwa inatutilia kivuli. Ngazi bado kumi na nane. Nimezihesabu. Na jiwe la duara lipo! Lina ufa, lakini lipo.

Picha yangu wameitundika pale. Kweli, kama mlango.

Nimesema. Nilisema asubuhi, chumbani kwa Tumaini, akiwa ananifunga mtandio. Nkamwambia Tumaini, ile picha ni mdomo wangu, sauti ya huyu. Kakaa kitandani. Kamtazama Bimkubwa, kanitazama mie. Bibi, nimewaambia watu wote. Nkamwambia najua. Umenidanganya tangu nazaliwa! Nkamwambia mama yako pia, usijione wa peke yako. Akataka kukasirika, kicheko kikamponyoka, kisha akalia kidogo, kisha akamwendea Bimkubwa, akamfunga na yeye mtandio. Kamfunga vizuri kuliko wangu!

Mwalimu Specioza ndiye kababaika. Makaratasi yameshachapwa, jina lako liko kila mahali, viongozi wamekaa. Nkamwambia mwanangu, karatasi mie sijui kuzisoma, kwangu mie hazijaandikwa kitu. Kashika kichwa. Kisha kauliza, kwa hiyo nimtangaze nani? Nkasema niite mie. Nitasimama, nitasema mwenyewe.

Ndiyo sasa nimerudi kukaa! Nimeshasema! Wameniita Bi Kinanda, watu wakapiga makofi, nkaenda mpaka kwenye jiwe, nkasema, na Bakuli likaipeleka sauti yangu ya mapengo mpaka ngazi ya juu: jamani, Kinanda si mie. Kinanda ni huyu, alikuwa ndani ya buibui. Mmoja huko juu akacheka, wakacheka wote, mie wa kwanza. Wakapiga makofi mengine, makubwa kuliko yale.

Nkamwita. Kinanda, njoo.

Anashuka. Ile nguo ya embe imempendeza, kha! Anatembea kama anayepita juu ya mayai. Sasa kafika kwenye jiwe. Kasimama. Vijana wa ngoma wanaanza, pole pole… Tumaini yuko pembeni yangu, kashika mdomo kwa mikono miwili.

Kafungua mdomo.

Mbona…

Ngoma imezunguka. Inaanza tena. Kafungua mdomo tena, hakuna kitu. Macho yake yanapanda ngazi, moja, mbili, tatu… anazihesabu! Yallah, anazihesabu!

Naijua hiyo. Hakuna duniani anayeijua kama mie.

Buibui langu liko wapi? Tumaini, nipe hilo buibui hapo mkobani, na shika hii simu, usiizime. Sauti sina, lakini wimbo ninao wote. Nipisheni, wanangu, nipisheni, nakwenda nyuma ya ngoma kubwa…